Harufu ya Petroli

Mume wangu ana kanuni moja ya kazi, na ukikaa naye nusu saa utaisikia hata kama hukuuliza. Gari likikosa mafuta, anasema, usikimbilie kabureta. Anzia mdomoni, pale petroli inapomiminwa, uifuate njia yake yote mpaka inapochomwa: tanki, bomba, chujio, pampu, ndipo kabureta. Usiruke kituo. Mafundi wenzake humtania kwamba alipaswa kuwa mkaguzi wa treni. Humwita Sikio, maana gari linaweza kupita barabarani yeye akiwa kibarazani anakunywa chai, akakuambia plagi ya tatu haichomi, na ukilifuata gari lile utakuta ni ya tatu kweli. Mimi namwita Baba. Nimeishi naye miaka thelathini na moja, na nimemwona akiruka kituo mara moja tu. Mara hiyo sababu ilikuwa mimi.

Nitaisimulia kama ilivyokuwa, bila kujisafisha.

Mimi ni fundi nguo. Ukiingia nyumbani kwetu kwa mlango wa mbele unakuta cherehani yangu na magauni ya watu yametundikwa ukutani. Ukitokea mlango wa nyuma unakuta injini imelala juu ya meza ya mbao na spana zimepangwa kwa ukubwa. Katikati ndipo tunapokula na kulala, na ndipo tunapogombana nani kaingiza uchafu, nyuzi zangu au grisi yake. Uani hapo ndipo lilipo gari letu, saluni ya rangi ya maziwa aliyoinunua ikiwa imeshachoka mwaka ule ule tuliooana. Majirani waliibandika jina la Bibi Harusi, na jina likaganda. Leo Bibi Harusi kala chumvi nyingi kuliko gari lolote mtaani, lakini alikuwa hajawahi kutuangusha.

Mume wangu ana dada mmoja tu, mkubwa wake, wifi yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kustaafu hakukumtoa darasani. Wazazi wao walipofariki ni yeye aliyemlea mdogo wake: alimfulia, akampikia, akamshika mkono hadi kwa fundi aliyemfunza kazi. Kwa hiyo siku nilipoletwa kutambulishwa, alinitazama kama mwanafunzi aliyechelewa. Gauni langu la harusi nililishona mwenyewe. Mbele ya shangazi zao wote aliligeuza pindo, akalisogeza kwenye mwanga, akasema, "Hapa ulikuwa na haraka." Na kweli nilikuwa na haraka, mshono ulikuwa umepinda kidogo karibu na kisigino. Lakini ningemeza sindano kuliko kukubali. Nikajibu kwamba kitambaa ndicho kilichovuta. Tangu siku hiyo kila nilichomshonea alikigeuza kwanza ndani nje, ndipo akasema asante, na asante yenyewe ilikuwa ya kubana meno.

Mwaka juzi figo zake zikagoma. Tukamhamishia kwetu, chumba cha watoto, ambao wameshaondoka wote. Siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, anapaswa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa saa nne. Hospitali yenye mashine iko mwendo wa saa nzima na dakika kumi kwa gari. Kiti chake ni saa tatu asubuhi. Ukichelewa zaidi ya nusu saa, anakikalia mwingine, kwa sababu kila siku benchi la nje lina watu wanaongoja mtu achelewe. Muuguzi alitueleza mapema, bila kutupaka asali mdomoni: asiposafishwa, maji yanabaki mwilini. Yataanza miguuni, yatapanda, na yakifika kwenye mapafu mgonjwa anazama akiwa nchi kavu.

Basi Sikio aliendesha, mimi nikakaa nyuma na wifi, nikiwa na kopo la kutapikia na taulo. Tulikwenda hivyo miezi mingi bila tatizo lolote, isipokuwa harufu. Kifuniko cha tanki la Bibi Harusi kilikuwa kimezeeka, mpira wake wa ndani umekauka, na kila tukikata kona petroli ilinuka mpaka ndani. Sisi wawili tulishazoea, pua zetu zimekufa. Wifi ugonjwa ulikuwa umemnoa pua. Alijiziba kwa mtandio, akafumba macho, na siku moja akasema, "Mdogo wangu anatengeneza magari ya mji mzima, lakini mimi dada yake ananisafirisha ndani ya pipa."

Maneno ya dada yake humwingia mume wangu kama mtoto. Alizunguka maduka yote ya vipuri kutafuta kifuniko kipya, akaambiwa gari la namna hiyo vifuniko vyake havitengenezwi tena. Alirudi amenuna. Na mimi, badala ya kumhurumia mgonjwa, nikaona nafasi yangu. Nikasema moyoni, leo huyu mwalimu nitamfunga mdomo.

Jumapili mchana nilikichukua kifuniko, nikakileta mezani kwangu. Mpira wa zamani ulikuwa duara lililopasukapasuka, na katikati lina tundu. Nikadhani tundu lile ni uzee, kwamba mpira umelika. Nikakata maduara mawili kutoka kwenye tyubu ya tairi, nikayabandika pamoja, nikayashona ukingo kwa uzi wa nta, mizunguko miwili, kisha nikauzungushia utepe wa ngozi bandia uliobaki kwenye viti vya mteja mmoja. Sikuacha tundu. Fundi nguo anayejiheshimu haachi tundu kwenye kazi yake. Mpira ulikaa ndani ya kifuniko ukabana kabisa, hata kukizungusha ilibidi utumie kiganja chote. Mume wangu alipokiona alipitisha kidole juu ya mshono, akasema, "Mama, hii kazi wangeiona kiwandani wangekuajiri." Nikavimba kichwa.

Jumatatu tulikwenda na kurudi bila harufu. Wifi alivuta pumzi, akasema, "Leo humu kuna hewa." Aliposikia ni kazi yangu alitaka kukiona kifuniko. Pale pale kwenye maegesho ya hospitali alikigeuza, akaukagua mshono mzunguko mzima, akanirudishia bila neno. Kwa wifi yangu, kukosa neno ni cheti. Nilitembea siku mbili kama niliyepewa mji.

Jumatano, baada ya dakika kama arobaini, tukiwa tunapanda mlima wa kiwanda cha matofali, Bibi Harusi akakohoa. Akashtuka mara mbili, tatu, kama mtu anayetaka kupiga chafya ikakataa, akazima. Mume wangu akafungua boneti. Hakuona kitu. Tulikaa pembeni ya barabara karibu nusu saa, akajaribu tena, gari likawaka kana kwamba halikuwahi kuugua. Tukaenda kilomita chache, likazima tena. Tulifika hospitali saa nne na dakika ishirini. Kiti kilikuwa na mtu.

"Ijumaa asikose," muuguzi alimwambia mume wangu kwa sauti ya chini, pembeni, lakini nilisikia. "Mapafu yake hayatasubiri Jumatatu."

Alhamisi asubuhi miguu ya wifi ilikuwa imejaa, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Hakuweza tena kulala chali. Tulimkalisha dirishani kwenye kiti, mito mitatu mgongoni, akawa anahema kwa kifua cha juu. Kutoka pale aliuona uani wote, na mdogo wake akiwa ameinama ndani ya gari.

Nimemwona mume wangu akifanya kazi maisha yangu yote, lakini sijawahi kumwona akifanya kazi vile. Hakupiga mluzi. Alianza mdomoni, kama kawaida yake: akafungua kifuniko, akakiweka juu ya paa la gari, akamulika tanki kwa tochi, akalimwaga lote kwenye ndoo kupitia kitambaa cheupe. Ulitoka mchanga kidogo, si wa kuzima gari. Akalipuliza bomba kutoka nyuma hadi mbele, likapitisha upepo vizuri. Akabadilisha chujio. Akabadilisha na vipande vya mpira vinavyounganisha bomba, ingawa vilikuwa bado vizima. Akachomoa mpira unaoingia kabureta, akautumbukiza kwenye chupa tupu ya soda, akaniambia nizungushe ufunguo. Petroli iliruka chupani kwa vishindo, nzito, yenye nguvu.

"Pampu nzima," akasema. Hakufurahi.

Hata hivyo aliifungua pampu, akakishika kiwambo chake, kile kiutando kinachovuta petroli, kwenye jua kuona kama kina ufa. Hakina. Akaja na kabureta mpaka kwenye meza yangu ya kukatia, juu ya gazeti, na mimi kwa mara ya kwanza sikumfukuza na grisi yake. Akalitikisa boya sikioni kusikia kama limeingia petroli. Kavu. Sindano ya kabureta haijalika. Vitundu vyote viko wazi. Akafikiri labda tatizo si mafuta kabisa, labda koili ikipata joto inakata moto, akaikagua ikiwa ya moto. Cheche zilikuwa za buluu, nzuri.

Kisha akafunga kila kitu, akaliwasha gari uani, akaliacha lingurume. Nusu saa. Saa nzima. Saa moja na nusu. Alizunguka, akaegesha sikio kwenye boneti, akapiga magoti nyuma. Bibi Harusi aliimba kama siku aliyotoka dukani. Na muda wote huo kifuniko cha tanki kilikuwa juu ya paa, alipokiweka asubuhi, mshono wangu ukimeremeta juani.

"Mdogo wangu," wifi aliita kutoka dirishani. Ilibidi avute pumzi kati ya maneno. "Umelifungua lote?"

"Lote, dada."

"Basi limepona."

"Gari likininyima ugonjwa wake sijaliponya," alisema. "Nimelipangusa tu."

Akazima injini, akachukua kifuniko juu ya paa, akakifunga.

Nilimwambia wifi waziwazi kwamba kesho tutakwenda na teksi. Akakataa. Alisema ndugu yake ni fundi, apande gari la watu atapike humo, watu waseme nini. Hapo nilikuwa nimechoka, na woga wangu hugeuka hasira. Nikamwambia watu watasema nini kwenye mazishi, afadhali afikirie hilo. Alinitazama, akasema haya, teksi. Jirani yetu mwenye teksi akaahidi kufika saa moja na robo.

Saa moja na robo hakufika. Saa moja na nusu simu yake haikupatikana. Baadaye tulijua mtoto wake aliugua ghafla, simlaumu, ila wakati ule nilimlaani na gari lake. Saa mbili kasoro robo mume wangu akasema, "Mama, mshike upande huo," tukambeba wifi mpaka kwenye Bibi Harusi.

Nilihesabu njia nzima. Kutoka pale hadi saa tatu na nusu tulikuwa na saa moja na dakika arobaini na tano, na safari ni saa moja na dakika kumi. Ilitosha, kama gari halizimi. Wifi aliniegemea begani. Kifua chake kilitoa sauti ya maji, ile ya birika linalokaribia kuchemka, na ncha za vidole zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Mume wangu hakuwasha redio. Shingo yake ilikuwa imelala upande, anasikiliza. Tukapita soko. Tukapita shule. Kila baada ya muda alisema, "Bado," na sisi wawili nyuma tulijua maana yake.

Kwenye mlima wa kiwanda cha matofali Bibi Harusi akakohoa.

"Hapana," mume wangu aliliambia gari, kwa upole kabisa. Likashtuka mara moja, mbili. Akalivuta pembeni, likazima. Saa ya mkononi mwangu ilionyesha saa mbili na dakika ishirini na sita.

Akafungua boneti. Nikasikia akichomoa mpira wa kabureta, akanipigia kelele nizungushe ufunguo. Nikazungusha kwa kujinyoosha kati ya viti, wifi akiwa amenilalia mgongoni. Halikutoka tone. Pampu ile ile iliyojaza chupa jana, leo inakamua mpira mkavu. Nikamfuata mbele. Mikono yake ilikuwa inazunguka juu ya injini bila kugusa chochote, macho yamemtoka, jasho linamdondokea kwenye chujio jipya.

"Ni nini, Baba?"

"Sijui."

Miaka thelathini na moja, sijawahi kulisikia neno hilo kutoka kwake mbele ya injini. Liliniogopesha kuliko kifua cha wifi. Nikasimama katikati ya barabara, nikapunga mikono yote. Malori ya matofali yalipita yakipiga honi. Gari dogo moja likapunguza mwendo, dereva akatutazama, akaongeza mwendo.

"Mama," mume wangu akaita, "kuna dumu la petroli kwenye buti. Ongeza yote. Labda kwenye mlima mafuta yanakimbia nyuma ya tanki." Hata mimi nilijua anababaisha, kwa sababu tanki alilijaza mwenyewe jana jioni. Lakini mtu akizama hushika chochote, na mimi nilitaka mikono yangu ipate kazi.

Nikatoa dumu. Nikashika kifuniko, hakikuzunguka. Nikajaribu kwa mikono miwili, nikakizungushia upindo wa gauni, nikajikaza mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Kikaachia ghafla. Na gari likavuta pumzi. Sina namna nyingine ya kusema. Lilivuta hewa ndani kwa mlio mrefu wa sss, mrefu mno, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, na ndani ya tanki bati likalia pong.

Nilidhani nimevunja kitu.

Kichwa cha mume wangu kikainuka nyuma ya boneti. "Umefanya nini?"

"Nimefungua tu."

"Funga. Kisha fungua tena."

Nikafunga, nikafungua. Safari hii kimya. Alikuja mbio, akaninyang'anya kifuniko, akakiweka mdomoni kwa upande wa nje, pale penye kitundu kidogo ambacho mimi sikuwahi hata kukiona, akajaribu kuvuta hewa. Mashavu yake yakaingia ndani. Hakuna kilichopita. Akakigeuza. Akautazama mshono wangu, mizunguko miwili ya uzi wa nta, utepe wa ngozi, hakuna tundu. Nikamwona anaelewa. Kisha nikaelewa mimi.

"Tanki halipumui," alisema. Hakupaza sauti. "Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Isipoingia, pampu inavuta mpaka inashindwa. Ukiliacha, hewa inapenya kidogo kidogo, linawaka tena. Jumatatu mpira ulikuwa mpya, haujaukalia mdomo wa tanki sawasawa, ukaachia hewa."

"Ule wa zamani ulikuwa na tundu. Nilidhani umelika."

"Najua ulivyodhani."

Angeweza kuung'oa mpira ule akautupa majanini, na nilitamani afanye hivyo. Hakufanya, maana bila mpira petroli ingetapakaa kwenye kila kona. "Mkasi unao?" akauliza. Mkasi wangu mdogo wa nyuzi hauachani na mkoba wangu. "Kata katikati," akasema, akanirudishia kifuniko, akakimbilia mbele kuunganisha mpira wa kabureta.

Nikakata. Tyubu ilikuwa tabaka mbili na gundi, na mimi ndiye niliyeibandika vizuri. Ncha ya mkasi iliteleza ikanichoma kidole gumba, nikaendelea kukata kwenye damu. Lilitoka tundu la ovyo, limepinda, upande mmoja pana na mwingine jembamba. Nikafunga kifuniko. Injini ikazungushwa mara moja, mara mbili, ikawaka.

Tukapanda mlima. Kabla hatujafika juu, petroli ilianza kunuka ndani ya gari kama zamani. Kichwa cha wifi kilikuwa kimeanguka kifuani, nikadhani hatusikii tena. Akafungua jicho moja.

"Inanuka," akasema.

"Inanuka, dada," mume wangu akajibu kutoka mbele. "Vumilia hivyo hivyo."

Gari halikuzima tena. Tuliingia getini saa tatu na dakika ishirini na tano. Muuguzi alipomwona wifi hakuuliza swali, alimpokea kwa kiti cha magurudumu akaanza kukimbia. Mlangoni pa chumba cha mashine, mzee mmoja wa benchini alikuwa ameshasimama, amekunja gazeti lake na kulitia kwapani. Alipotuona alikaa tena, taratibu, akalikunjua gazeti. Sikuweza kumtazama usoni, na mpaka leo namkumbuka.

Walimwekea hewa ya oksijeni, wakamwunganisha. Muuguzi alitoka baada ya saa moja akasema maji yanatoka, lakini tungechelewa zaidi asingetuahidi kitu. Nikatoka nje. Mume wangu alikuwa ameegemea boneti, anajifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Nilianza mdomoni," alisema kabla sijafungua kinywa. "Jana. Nilikishika hiki kifuniko. Nikaona mshono wako umenyooka, nikakiweka juu ya paa. Kazi ya mtu mwingine ningeikagua." Akakigeuza kitambaa. "Halafu nikalisikiliza gari siku nzima likiwa wazi, nikashangaa lina afya."

Hakusema kwa hasira. Angenifokea ningejua la kumjibu.

"Dada hana haja ya kujua," akaongeza. "Nitamwambia ilikuwa pampu."

Nilikubali. Nilikaa naye kama dakika kumi, nikikubali, huku gumba likinipwita. Alikuwa ananipa njia, na njia yenyewe ilikuwa nzuri, maana mimi na wifi yangu tuna miaka thelathini na moja ya kutafutana makosa na hili lingemtosha mpaka kaburini. Lakini nilikuwa nimemshika begani saa nzima akizama, kwa mpira nilioushona ili kumnyamazisha. Nikainuka, nikaenda nyuma ya gari, nikafungua kifuniko.

"Unakwenda wapi nacho?" mume wangu akauliza.

"Ndani."

Wifi alikuwa amelala nusu ameketi, mirija miwili myekundu ikitoka mkononi mwake na kurudi. Alikuwa anapumua kwa tumbo sasa, kama watu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kama wanafunzi wake walivyosimama: tundu nililolidhani uzee, Jumatano, mlima, gari kuvuta pumzi. Sikusema pampu. Nikamwambia pia kwamba niliushona mpira ule kwa kiburi zaidi ya huruma, ili akose la kusema. Mashine ikazunguka muda mrefu.

"Lete nikione," akasema.

Nikampa. Alikigeuza kifuniko kwa mkono wake ulio huru, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akapita kwa kidole ukingoni, kwenye mizunguko yangu miwili iliyonyooka, hakusema kitu. Kisha akaingiza kidole kwenye tundu nililolikata mlimani, akakizungusha pale lilipopinda, pale damu ilipokauka kwenye mpira.

"Hapa ulikuwa na haraka," akasema.

"Nilikuwa na haraka, wifi," nikamjibu.

Akakiweka kifuniko juu ya shuka, akanishika gumba lenye jeraha, akafumba macho. Tulikaa hivyo mpaka mashine ikamaliza. Nililia kidogo, na yeye akajitia haoni.

Mume wangu angeweza kumaliza harufu ile. Ana maarifa ya kupitisha mrija mwembamba chini ya gari utoe mvuke nje, na alishaununua. Wifi amemkataza. Anasema kitu kinachofanya kazi kisiguswe, na tangu siku ile mafundi wote wawili tunafyata ulimi. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tunampandisha garini, anajiweka sawa, anafunga mlango. Mdogo wake anashika ufunguo lakini haliwashi gari. Anangoja. Wifi anashusha mtandio puani, anavuta hewa taratibu, uso anaukunja.

"Inanuka," anasema. "Haya, twende."